Pigo la juu hewani kwenye Smash Ultimate: mwongozo kwa machalii wa Arusha na Moshi

Oya wanangu, leo naandika kuhusu kitu kimoja tu kwenye Super Smash Bros. Ultimate, ile gemu ya kupigana ya kwenye Nintendo Switch, nacho ni pigo la juu, lile unalotoa ukiwa hewani huku umeelekeza stiki juu. Sababu ni kwamba kila geto ninaloingia watu wanacheza hili gemu, iwe Sakina, iwe Njiro, iwe kule Moshi Soweto, naona mchezo uleule. Chalii anamrusha mwenzake juu, hapohapo na yeye anaruka bila kuangalia, anabonyeza pigo la juu, anakosa, anatumia jampu ya pili, anabonyeza tena, anakosa tena, mwenzake anatua taratiiibu, na sasa yule aliyekua anawinda ndo yuko hewani hana jampu wala mpango. Anapigwa yeye, anatoka, anaingia mwingine, maana Switch ni moja na watu ni kibao.

Pigo la juu sio la kumkimbiza mtu. Ni la kumsubiri. Unakaa chini yake, unamfanya atumie vitu vyake vya kujiokoa kimoja kimoja, afu akibaki mikono mitupu ndo unamchapa. Ukiielewa hio sehemu mengine yote humu ni vidole tu, ila vidole navyo vina kazi yake kwaiyo tuanze navyo.

Hatua ya 1: Setingi, usiruke hapa

Watu wengi wanaruka hii sehemu afu wanalalamika gemu inawabania. Nenda kwenye kontrolo, tengeneza jina lako, maana setingi zinakaa kwenye jina, ukichagua mhusika unachagua na jina lako. Bila hivo utakua unacheza na setingi za kiwandani au za mwenye Switch, na mwenye Switch anaweza kua ana mambo yake ya ajabu.

Cha kwanza kabisa zima kuruka kwa stiki. Gemu ikitoka kiwandani ukisukuma stiki ya kushoto juu mtu wako anaruka, sasa wewe uko hewani unataka kupiga juu, unasukuma stiki juu na kubonyeza A, umechelewa nusu ya kope tu, gemu inachukulia unataka kuruka, jampu yako ya pili imeenda bure. Ukizima hio, stiki inabaki ya kuelekeza tu na kuruka kunabaki kwa batani za X na Y. Siku mbili tatu za mwanzo utajisikia mlemavu, vumilia.

Cha pili ni stiki ya kulia. Ikitoka kiwandani imewekwa kwa yale mapigo makubwa ya ardhini, mi nashauri uiweke kwenye mapigo ya kawaida. Ukiwa hewani zote zinakupa pigo la juu ukiisukuma juu, tofauti inakuja pale unapotoka ardhini. Stiki ikiwa kwenye mapigo makubwa, ukiisukuma juu mapema sana wakati mtu wako ndo anakunja magoti aruke, anaghairi kuruka anatoa pigo kubwa la ardhini, na wewe unabaki unashangaa. Ukiona hio inakutokea ujue kidole cha kulia kimewahi, na dawa ni kubadili setingi au kusubiri miguu iache ardhi kwanza.

Faida kubwa ya stiki ya kulia ni kwamba ya kushoto inabaki huru. Kushoto unamfuata, kulia unapiga. Ukitumia stiki moja kwa kazi zote mbili, kila ukipiga juu unaacha kumfuata pembeni, na yeye anachohitaji ni hatua mbili za pembeni tu akuponyoke. Wale mnaocheza na Joy-Con moja mmeishika kwa ubavu, poleni, hamna stiki ya pili, kwaiyo zoezi lenu ni kugusa juu na A kwa haraka afu kurudisha stiki upande anaoelekea kabla pigo halijaisha. Inawezekana, ila ukipata pedi kamili hata ya kuazima, chukua.

Na jamani vumbi. Kiangazi hiki cha kwetu vumbi linaingia kwenye stiki mpaka zinaanza kutembea zenyewe, mtu wako anajisogeza kushoto na hujamgusa. Funika pedi na kitambaa ukimaliza.

Hatua ya 2: Kuruka kufupi, kuruka kurefu, kushuka haraka

Gemu inaenda fremu 60 kwa sekunde, fremu ni picha moja moja za gemu. Kwenye Ultimate kila mhusika, awe Bowser awe Pichu, anatumia fremu 3 kukunja magoti kabla ya kuacha ardhi. Nakwambia hivi ili ujue huwezi kumlaumu mhusika wako kua mzito wa kuruka, wote wanaondoka sawa, tofauti inakuja baadae kwenye kasi ya kupanda na kushuka.

Jampu fupi unaipata kwa kubonyeza X na Y kwa pamoja. Unaweza pia kugusa moja na kuachia fasta, ila za pamoja ndo za uhakika. Kuna njia ya mkato pia, ukibonyeza kuruka na A kwa pamoja gemu inakupa jampu fupi na pigo la hewani moja kwa moja. Wengi wanaipenda. Mi siipendi kwa pigo la juu kwa sababu inakulazimisha upige mapema, na pigo la juu mara nyingi unataka kulichelewesha. Alafu jua kwamba pigo la hewani kutoka jampu fupi linapunguzwa damage, linabaki asilimia 85 ya kawaida yake, kwaiyo usishangae namba zikija ndogo.

Jampu ndefu unashikilia batani. Hii ndo ya kumfuata mtu aliyerushwa juu.

Kushuka haraka ni kusukuma stiki ya kushoto chini ukiwa umeshafika kileleni na umeanza kushuka. Ukisukuma wakati bado unapanda hamna kitu kinatokea. Hii kitu ndo inatofautisha anayejua na anayebahatisha, kwa sababu ukipiga pigo la juu ukamgusa, ukashuka haraka, unatua na kuruka tena kabla hajaamka hewani. Usiposhuka haraka unaelea pale juu unamtazama akiondoka. Ila angalia, ukigusa chini wakati pigo bado halijaisha unakwama kidogo kabla ya kuweza kufanya kitu kingine. Ukishuka kwa pigo refu kama la Link, ule upanga alionyoosha juu unakaa muda, ukitua nao na hujamgusa mtu umejiuza.

Hatua ya 3: Jua mtu wako ana pigo gani

Kila mhusika ana pigo la juu lakini hazifanani hata kidogo, na ukitumia la mmoja kwa akili ya mwingine hutoboi. Mi nazigawa hivi.

Kuna ya haraka ya kuunganisha. Mario anapiga ule mkasi wa kupinduka, unaanza fremu ya 4, yaani kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde mguu umeshatoka. Pikachu na mkia wake nae fremu ya 4. Hizi haziui mapema (kuua humu ni kumrusha mtu nje ya skrini), kazi yake ni kumpandisha mtu ngazi, piga piga piga, afu unamalizia na kitu kingine. Zero Suit Samus yupo kundi hili, anakupandisha na yale mateke afu anafunga na pigo lake la kupanda juu huko kwenye mpaka wa skrini, ukikutana na mtu anayemjua utaona nyota.

Kuna ya kuua. Ness anapiga kichwa, kichwa chenyewe kina uchungu. Donkey Kong nae kichwa. Palutena anatoa mwanga juu ya kichwa chake, ni mkubwa, na ukiwa umechoka unaondoka nao. Fox ana mapigo mawili, mkia kwanza afu miguu, ya pili ndo inayorusha. Ukigusa chini baada ya mkia tu na miguu haijatoka mtu anabaki karibu yako na unaweza kuendelea nae, ila hio ni ya baadae, usianze nayo.

Afu kuna ya kukaa. Cloud anashika lile panga lake kwa mlalo juu ya kichwa na linabaki pale, hauhitaji kulenga sana, unapanda nalo tu na mwenye kushuka ndo aamue. Link ni upanga wa kusimama, mwembamba kidogo lakini unadumu. Mr. Game & Watch anapuliza upepo, na upepo wenyewe unamsukuma mtu juu hata kama pigo halikumgusa vizuri, ni kero ya hali ya juu, mi nikikutana nae naagiza chai kabisa.

Kama unaanza chukua Mario. Najua machalii wanaona aibu kucheza Mario wanataka wenye mapanga, lakini Mario ndo atakufundisha kumfuata mtu, wenye mapanga wanakufundisha kutegemea urefu wa chuma. Na usiogope kwamba mambo yatabadilika, marekebisho ya nguvu za wahusika yaliisha mwisho wa 2021, baada ya Sora kuja kama mhusika wa mwisho Oktoba mwaka huohuo, kwaiyo unachojifunza leo kitabaki hivohivo.

Hatua ya 4: Kukaa chini yake na kumhesabia

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Mtu akiwa hewani juu yako ana vitu vichache tu vya kujiokoa. Ana jampu ya pili. Ana kukwepa hewani. Ana kushuka haraka. Ana pigo la kuelekea chini la kukutisha, na ana hizo spesho, yale mapigo ya batani ya B, za kumsogeza. Basi. Sasa sikiliza sheria zake maana hapa ndo siri ilipo. Jampu ya pili akiitumia hairudi mpaka atue au ashike ukingo wa steji, hata ukimpiga haimrudii. Kukwepa hewani, yaani dodji, nako ni mara moja tu mpaka atue au ashike ukingo, ILA ukimpiga inamrudia. Spesho ya kupanda nayo ukimpiga inamrudia.

Umeona hapo? Kitu cha kwanza cha kumnyang'anya ni jampu, kwa sababu ukishamnyang'anya haipati tena, kila utakapompiga anabaki na dodji tu ya kutegemea na wewe unajua hilo. Kwaiyo hesabu. Kabisa, hesabu kwa sauti kama unaweza, hasa mkiwa geto na mtu nyuma yako anakusaidia. Moshi nimekaa na jamaa wakicheza, aliyekua nyuma hashiki pedi hata, kazi yake ni kupiga kelele tu, "Meku tulia, hana jampu huyo! Hana jampu!" na aliyeshika pedi anatulia kweli, anasubiri, dodji inatoka, paap. Mwenzao akasema wanamchezea wawili. Walikua wanamchezea wawili kweli.

Jinsi ya kumnyang'anya: ruka kifupi bila kupiga chochote. Yaani unaruka tu chini yake, mikono mfukoni. Mtu akiona umeruka chini yake anajua pigo linakuja, anashtuka, anatumia jampu au anakwepa. Wewe haujatoa pigo kwaiyo haujakwama popote, unatua, unatembea kidogo kumfuata, na sasa unajua kashatumia nini. Hii jampu tupu ndo silaha kuliko pigo lenyewe na hamna mtu anaitumia huku kwetu, watu wanaona wamepoteza muda kama hawajabonyeza A.

Fikiria mpira wa kona. Beki anayeruka mapema anashuka mpira ukiwa ndo unafika, anayefunga ni yule aliyebaki chini nusu sekunde zaidi akiutazama. Pigo la juu ni hivohivo, ulipige pale anapofika, sio pale alipo.

Ukishaona kakwepa, usipige wakati anakwepa. Mwili unapitiwa tu, haumgusi. Subiri imalizike. Kuna kukwepa kwa kusimama palepale na kuna kwa kuelekeza upande, huku kwa kuelekeza kunamfikisha mbali kidogo lakini anachelewa zaidi kupata nguvu tena, kwaiyo akielekeza wewe kimbia chini ufike pale anapoishia, una muda. Watu wanapata presha hapo wanapiga hukohuko walikoona ameanzia.

Akiwa mtu wa kushuka na pigo la chini, wale wa Link na ule upanga wa kuchoma chini ndo maarufu, usiende nae uso kwa uso. Sogea pembeni hatua moja, acha atue, mchape akiwa amekwama. Sio kila mtu aliye juu lazima umpige kwa pigo la juu, wakati mwingine ukimtisha nalo tu anatua vibaya na unampiga kwa kitu kingine kabisa.

Na jampu yako wewe? Itunze. Mfuate na jampu ya ardhini kwanza. Ya pili tumia pale tu unapojua pigo litagusa, au pale ambapo ukilipata hili anakufa. Ukitumia zote mbili na ukakosa mmebadilishana viti, na yeye sasa ndo atahesabu.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Mfano wa Mario maana ndo niliyemshauri. Mkamate, mtupe chini, mruke nae, pigo la juu. Kwenye asilimia za chini (asilimia ni ile namba ya damage aliyokula, ikipanda anarushwa mbali zaidi) haruki mbali kwaiyo unampiga na jampu fupi, unashuka haraka, unaruka tena, unampiga tena. Asilimia zikipanda anaruka mbali zaidi, jampu fupi haifiki, unahamia jampu ndefu, pigo, jampu ya pili, pigo, afu unamalizia na ile ngumi yake ya kupanda yenye sarafu. Hesabu za mhusika kwa mhusika hazilingani, Captain Falcon na Fox wanashuka kwa kasi kwaiyo wanarudi mikononi mwako haraka na utawapiga nyingi, Jigglypuff anaelea kama hana haraka ya maisha, kombo kwake zinakatika mapema ila kwa uzito wa 68 anakufa mapema pia. Bowser ana uzito wa 135, mkubwa wa kupigika lakini hafi leo.

Cha kuangalia sio pigo lako, ni yeye anaelekea wapi. Mtu anayejua akipigwa juu anasukuma stiki kushoto au kulia ili abadilishe njia, kwaiyo wewe ukigusa tu, kuna ile sekunde ndogo gemu inaganda kidogo kwa ajili ya pigo, hapo macho kwake, ukiona anainama kulia na wewe stiki ya kushoto peleka kulia. Watu wengi wana upande mmoja wanaopenda. Ukimpiga mara tatu na zote kakimbilia kushoto, ya nne nenda kushoto kabla hata hajaenda.

Vijukwaa

Steji ya Battlefield ina vijukwaa vitatu na pigo la juu ndo lipo kwao. Mtu akisimama juu ya kijukwaa na wewe uko chini yake, una raha, kwa sababu mapigo yanapita kutoka chini, yeye ili akupige inabidi ashuke. Jampu fupi, pigo la juu, linapenya. Hata akikinga na ngao hamna shida sana, wewe unatua chini na yeye bado yuko juu, afanye nini? Ashuke, na akishuka unamsubiri. Au aruke, na akiruka kapoteza jampu. Tembea chini yake taratibu, usisimame sehemu moja. Smashville kijukwaa kinatembea kwaiyo na wewe tembea nacho. Final Destination hamna kijukwaa chochote, huko pigo la juu linabaki la kumfuata hewani tu, ndomana watu wa Mario wakiulizwa steji hawaichagui kwa moyo mweupe.

Kuua, na kwanini pigo lako linalegea

Kuna wale wanauliza, mbona mwanzoni pigo langu lilikua linaua kwenye asilimia kadhaa na sasa limefika mbali haliui. Gemu inakumbuka mapigo yako 9 ya mwisho yaliyogusa. Pigo likiwa limo kwenye hio orodha linapungua nguvu, na likijirudia humo linapungua zaidi. Likiwa halimo kabisa linapewa nyongeza ya asilimia 5. Kwaiyo kama unacheza Ness au Palutena na pigo la juu ndo lako la kuulia, acha kulitumia hovyo mtu akiwa kwenye asilimia 20, tumia vingine vya kumchosha, afu likae freshi kwa ajili ya mwisho. Kwa Mario haina shida sana maana hauui nalo, unamfikishia tu.

Na urefu una maana. Pigo lilelile ukimpiga karibu na ardhi anapona, ukimpiga huko juu karibu na mpaka wa skrini anaondoka, kwa sababu safari iliyobaki ni fupi. Ndo maana ya ile ngazi, unampandisha kwanza, unamuua ukiwa nae kule.

Mazoezi

Ingia kwenye mazoezi, chagua ile steji ya mistari ya mraba, weka kompyuta asilimia 0, afu 30, afu 60, na kila hatua mtupe na ufuate na pigo la juu uone ni jampu ipi inafika. Gemu inahesabia mapigo yaliyoungana. Unaweza pia kupunguza spidi uone mguu unatoka wapi hasa, maana ya Mario haitoki juu tu, inazunguka, na ukijua inakoanzia utawapata hata waliosimama upande mmoja. Ukishazoea badilisha kompyuta iwe inaruka badala ya kusimama. Usikae humo masiku, kompyuta haikwepi kama binadamu anayeogopa, ukishajua vidole tafuta mtu.

Kuhusu kucheza online ntakuambia ukweli, kwa intaneti zetu na kwa umbali wa wapinzani, pigo la kusubiri linateseka, unaona kakwepa na kumbe alikwepa kitambo. Bora mtu mmoja wa kukaa nae kochi moja. Umeme ukikatika toa Switch kwenye kituo chake mcheze kwenye kioo chake mpaka betri ikate. Na Julai hii baridi ya Arusha vidole vinaganda kweli, shika kikombe cha chai kabla ya pedi, sio utani, jampu fupi haitoki na vidole vya barafu.

Kwa ambao hamna Switch, Brawlhalla ipo bure kwenye simu, ila msije mkahamisha huu mwongozo mzimamzima. Kule hamna pigo la juu la namna hii, ukibonyeza pigo zito hewani bila kushika chini mtu wako anapanda nalo juu, na hilo ndo linafanya kazi ya karibu. Kukaa chini ya mtu na kumhesabia jampu zake kunafanya kazi kulekule, tena kule wana jampu nyingi zaidi za kuhesabu.

Ukiwa wewe ndo uko juu

Geuza kila kitu. Ukipigwa kwenda juu sukuma stiki kushoto au kulia, sio juu na sio chini, upande ule unaokupeleka mbali na alipo. Badilisha upande, usiwe na mmoja. Usitumie jampu mara tu unapoamka, ndo anachokisubiri, kaa nayo, acha aruke yeye kwanza. Akiruka na kupiga hewa, hapo shuka haraka umpite. Akiruka mtupu na akatua, ujue amesoma kitu, huyo usimuonyeshe dodji yako mapema.

Na usilazimishe kutua katikati ya steji. Elea kuelekea ukingoni, shika ukingo, jampu yako inarudi na dodji inarudi. Ukishaushika usipande kwa kuruka juu kila mara, maana atakua kasimama palepale chini ya njia yako na stiki ya kulia iko tayari. Panda kwa kujiviringisha mara moja, panda kwa kawaida mara nyingine, au subiri kidogo uone yeye anaangalia wapi.